Altrasaundi haikuona kitu, mbona wamemlaza?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu kaanguka na bodaboda, usukani ukampiga ubavu wa kushoto. Altrasaundi ya tumbo haikuonyesha kitu, lakini wamemlaza. Si kutafuta pesa huko? – Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba mama, na pole sana. Hapana, hapo wamefanya vizuri. Kwa majeruhi, kipimo kile cha haraka hutafuta damu iliyovuja: kati ya ini na figo ya kulia, kuzunguka wengu, nyuma ya kibofu na pembeni mwa moyo. Huonekana kama ukanda mweusi. Ikiwa bado kidogo, tuseme kikombe cha chai, inaweza isionekane. Utumbo uliotoboka nao hujificha, maana hewa huzuia mawimbi ya sauti.

Mimi mwenyewe niliwahi kumpima kijana saa mbili usiku, pakavu kabisa. Saa sita nikarudia: uzi mweusi kati ya wengu na figo. Ndiyo maana tunarudia, au tunampeleka siti skani. Akisema bega la kushoto linauma, tumbo likijaa au akipata kizunguzungu, mwite muuguzi papo hapo. Usingoje raundi ya asubuhi.