Nimemficha mke wangu gharama ya gari langu la Mini, na sasa mnunuzi anataka kuona risiti

*Mama, pokea salamu zangu. Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi South B. Miaka saba iliyopita nilinunua Mini ya 1968 kwa mwalimu mstaafu kule Kikuyu, ikiwa imelala zizini bila tairi. Nimeijenga upya: injini ya cc 1275 badala ya ile ya cc 998 iliyokuja nayo, breki za diski mbele, viti vya ngozi vilivyoshonwa Gikomba, rangi ya kijani na paa jeupe. Mke wangu nilimwambia imekula 350,000. Ukweli ni 1,140,000, na risiti zote ninazo. Katikati ya hapo yeye alikopa 120,000 kwenye chama tukalipa karo, tumemaliza. Sasa kifungua mimba wetu anaingia Gredi ya 10, shule ya bweni, na nimeamua kuiuza. Mtu mmoja wa mtaa wa Karen ametoa 1,300,000, ila anataka kuona risiti na tuandikishane nyumbani mke wangu akiwepo. Mwenzangu kazini anatoa 500,000 bila maswali. Nikimuuzia huyu, mke wangu ataona nimepata faida na yataisha kwa amani. Nifanyeje?*
*Baba Watatu*

Baba Watatu, mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara jicho limekwama mahali ambapo wewe ulipita mbio. Rangi umeieleza. Paa umelieleza. Hata ngozi ya viti umeniambia ilishonewa wapi. Mkopo wa mke wako ukaupa sentensi moja, ukaufunga kwa neno "tumemaliza". Nitarudi hapo.

Kwanza hesabu, maana umeikwepa. Kati ya 1,300,000 na 500,000 kuna shilingi 800,000. Hizo ndizo unataka kulipa ili mke wako asijue, na unazitoa kwenye mfuko ule ule ambao unasema unauza gari ili kuujaza. Kama mtoto anaenda shule ya umma, pesa hizo zingemlipia bweni miaka yake yote mitatu na zikabaki. Utakuwa umewanyang'anya watoto mara ya pili ili kufunika ya kwanza. Mwenzako kazini hana kosa, amekupa bei yake. Lakini kwa huyo usimuuzie.

Nielewe vizuri, sikudharau kwa kulipenda gari. Nimekulia Nairobi ya vigari hivyo, na nakumbuka milango yenye bawaba za nje na vioo vya kusukuma pembeni kama dirisha la kioski. Yako ya 1968 bila shaka ni ya aina hiyo. Aliyelibuni, Alec Issigonis, alipewa kazi hiyo baada ya mgogoro wa Suez wa 1956, petroli ilipokuwa adimu Uingereza. Akailaza injini kiupande, akaweka giaboksi chini yake, akapunguza rimu hadi inchi 10, na karibu sehemu yote iliyobaki ndani ya mita tatu za gari akawaachia watu na mizigo yao. Lilipotoka mwaka 1959 lilikuwa gari la familia isiyo na pesa za kuchezea. Mtu aliyelitoa zizini likiwa mifupa akalirudisha barabarani ana mikono na ana subira, na ningependa mke wako aione subira hiyo. Ila hawezi kuiona kwa sababu umeizika pamoja na risiti.

Mume wangu, Mungu amrehemu, alipofariki nilikuta mkebe wa Kimbo juu ya kabati, nyuma ya mablanketi. Nilidhani ni misumari. Ndani mlikuwa na risiti zimekunjwa nne nne, za miaka sita, malipo ya kiwanja ambacho hati yake haikuwahi kutoka na aliyemuuzia akapotea. Nilikaa sakafuni nikazipanga kwa miezi. Nikashika ya Machi mwaka mmoja na nikaikumbuka Machi yenyewe: tulikuwa tunanunua unga kilo moja moja, naye akisukuma sahani kando, ati ameshiba. Mimi wakati huo nilikuwa nauza vitenge vyangu kwa jirani na kumwambia nimevigawa. Pesa nilimsamehe siku ile ile. Ile miaka sita ya kuhangaika kila mtu kivyake ndani ya nyumba moja, hiyo bado inaniuma, na hayupo nimuulize.

Wewe upo, na mkeo yupo. Kwa hiyo turudi kwenye chama.

Mwanamke hakopi 120,000 kwenye chama kimya kimya. Anasimama mbele ya wenzake anaeleza shida yake, anatafuta wadhamini, na kila mwezi anapeleka marejesho wote wakitazama. Hebu toa faili yako, utafute tarehe ya mkopo ule, kisha uangalie wewe ulinunua nini miezi hiyo. Ninaogopa utakuta rimu, au hiyo ngozi ya viti. Hilo ndilo deni lako, na ndilo unalopaswa kumwambia kabla hujafika kwenye bei ya gari. Ukianza na 1,140,000 atasikia namba kubwa tu. Ukianza na "mwezi ule uliosimama kwenye chama, mimi nilikuwa na pesa na nikazipeleka kwa fundi", atajua kwamba uliona alichofanya.

Atakasirika. Pengine ataenda kwa dada yake siku mbili tatu. Usimfuate na ujumbe ishirini kwenye simu, na usiwatume watoto. Usimwambie kwamba gari limepanda thamani kwa hiyo hakuna hasara, hata kama ni kweli, maana hakukukopesha ili uwekeze.

Na mwambie kabla ya kuuza. Hapa nakusihi sana. Ukingoja hadi pesa ya Karen iingie benki ndipo ukiri, utakuwa umekuja na msamaha mkono mmoja na bahasha mkono wa pili, na hatajua kamwe kama alikusamehe au alinunuliwa. Akiuliza pesa zitakaa wapi, mpe nafasi ya kuchagua akaunti. Kama chama kina mtu aliyemdhamini, mwende wote wawili kumshukuru.

Wewe mwenye kutumia spana unajua jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu Mini: injini na giaboksi zinakunywa oili moja. Gia zikianza kusagika, vipande vinazunguka hadi kwenye injini. Umeibadilisha oili hiyo mara ngapi miaka saba hii, huku nyumbani ukiacha ichakae?

Sasa mauzo yenyewe, maana sitaki uvuke mto ule ukazame kwenye huu. Huyo wa Karen anayeomba risiti hakusumbui, ni mnunuzi anayejua anachonunua. Umebadilisha injini. Kwenye logbuku, ile hati ya umiliki wa gari, kuna namba ya injini na kuna rangi, na kama bado imeandikwa ile 998 na rangi aliyoijua mwalimu wa Kikuyu, basi gari lako na karatasi yake ni vitu viwili tofauti. Peleka mabadiliko hayo NTSA, mamlaka inayosajili magari, yarekebishwe kwanza, ukiwa na risiti ya injini mpya inayoonyesha ilitoka kwa nani. Kisha mhamishie umiliki kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, siku mnayomalizana. Usikubali kuandikishana kwa karatasi ya wakili peke yake huku logbuku ikibaki kwa jina lako "kwa muda". Sheria ya Trafiki inamhesabu aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka athibitishe vingine, kwa hiyo likimgonga mtu Lang'ata usiku, utakayetafutwa kwanza ni wewe.

Kutu usiifiche. Akija fundi wake atapiga magoti moja kwa moja kutazama vizingiti chini ya milango, fremu ndogo ya nyuma inayobeba magurudumu, na mabati yaliyozunguka taa za mbele. Mpeleke wewe mwenyewe hapo, umwonyeshe palipochomelewa na palipowekwa bati jipya. Kama kuna mahali palipozibwa kwa puti tu, sema. Umeshaona uwongo wa gari hili unavyogharimu.

Jambo la mwisho kuhusu bei. Kuna mpenzi wa Mini anayezitaka zilizobadilishwa kama yako, na kuna anayetaka iwe vile ilivyotoka kiwandani. Ukipita Ngong Racecourse siku ya Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa, utawasikia wakibishana. Kwa hiyo ile injini ya 998, kama bado iko chini ya turubai nyuma ya nyumba, usiiuze kando kwa watu wa vyuma. Iandike kwenye makubaliano pamoja na gari. Mwenye Mini wa kweli ataithamini, na bei yako itasimama.

Mwambie mtu wa Karen akupe wiki mbili. Halafu Jumamosi hii watoto wakiwa wametoka, mkaribishe mke wako kiti cha mbele, injini ikiwa imezimwa, umpe faili mkononi aifungue mwenyewe. Usimsomee. Akifika kwenye ile risiti ya miezi ya chama atanyanyua kichwa akutazame, na hapo ndipo uanze kusema.