Kahawa Hubadilika Kila Msimu: Ushauri kwa Anayekaangia Nyumbani

Biashara nyingi ndogo za kukaanga kahawa hazifi kwa kukosa mashine wala mtaji. Zinakufa kwa sababu kahawa imebadilika na mwenye biashara hakujiandaa. Mteja alizoea ladha ya Desemba, halafu Juni anakuta ladha nyingine ndani ya pakiti ileile. Hasemi neno. Anaacha tu kununua.

Mimi nakaangia nyumbani hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, nyuma ya jiko, na ushauri wangu mkubwa ni huu: usimuahidi mteja aina ya mti au jina la kijiji kwa mwaka mzima. Muahidi ladha, kisha kila gunia jipya ulijifunze upya kabla halijaingia kwenye pakiti.

Ukitaka kuona kwa nini kahawa haitulii, panda Budadiri au Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, uingie shamba la arabika, mojawapo ya aina mbili kubwa za kahawa; nyingine ni robusta. Kwenye ekari moja ya mkulima mdogo utakuta Nyasaland, ile mibuni ya zamani iliyoletwa kutoka Malawi enzi za ukoloni, imechanganyika na SL14 na SL28 zilizochaguliwa na Scott Laboratories kule Kenya miaka ya 1930. Pembeni kuna miche ya Catimor. Hiyo Catimor ina damu ya robusta, kupitia chotara aliyejiotea mwenyewe kisiwani Timor, ndiyo maana inastahimili ugonjwa wa kutu ya majani. Mkulima huchuma zote kwenye kikapu kimoja, na simlaumu hata kidogo. Ana watoto wa kusomesha, na mnunuzi wa barabarani hamuongezei hata shilingi kwa kutenganisha.

Robusta nayo vilevile. Ni mwenyeji wa misitu yetu, na mpaka leo inaota yenyewe msitu wa Kibale. Wakulima wa Uganda ya kati walizoea Nganda, yenye matawi yaliyotambaa, na Erecta, iliyosimama wima. Kisha ugonjwa wa kunyauka ukaonekana Bundibugyo mwaka 1993, ukasambaa, ukaua mibuni mingi mno. Watafiti wa Kituza, Mukono, wakatoa aina za KR zinazouhimili. Kwa hiyo gunia la Mukono la mwaka huu laweza kuwa na Nganda ya babu na KR iliyopandwa juzi, na la mwakani likawa na KR zaidi.

Ongeza kalenda juu ya hayo. Arabika ya Elgon huvunwa zaidi kati ya Oktoba na Februari. Robusta ya Masaka na kusini-magharibi huja kwa wingi karibu Mei hadi Agosti, na ya Uganda ya kati na Busoga karibu Novemba hadi Februari. Mkaangaji wa kila wiki hawezi kukwepa: ama atumie kahawa iliyolala stoo, ama abadilishe inakotoka.

Sasa nieleze ninavyolipokea gunia, maana hapa ndipo kazi ilipo.

Kwanza sipeleki kitu kwenye mashine. Nachota juu, katikati na chini kabisa, kwa sababu wapo wauzaji wanaopanga nzuri juu. Namwaga kwenye sinia jeupe karibu na dirisha. Arabika iliyooshwa, yaani iliyomenywa ganda la tunda na kuoshwa kabla ya kukaushwa, ikikaushwa vizuri ina kijani chenye ubluu kidogo. Iliyolala muda mrefu hufifia ikawa ya njano au nyeupe. Halafu nanusa. Kahawa mbichi hunyonya kila harufu iliyo jirani, iwe ya mafuta ya taa, samaki au vitunguu, na hakuna moto utakaoitoa. Kisha nauma punje moja. Ikibonyea chini ya jino, bado ina maji; ikivunjika kwa mlio mkavu, imekauka. Ukipata kipima unyevu, tafuta asilimia 11 au 12. Ikizidi 12.5, mrudishie mwenyewe au uianike tena, maana hiyo itaota ukungu mvua zikianza.

Punje zikiwa na ukubwa tofauti sana, zipitishe kwenye chekeche. Namba 18 na 15 unazosikia wanunuzi wakizitaja ni matundu ya milimita 7 na 6 hivi. Ukikaanga kubwa na ndogo pamoja, ndogo zinaungua kubwa zikiwa bado mbichi ndani, na kikombe kinakuwa na uchungu na uchachu wa majani kwa wakati mmoja. Mtu akikuambia kahawa yako "haijielewi", mara nyingi ni hilo.

Baada ya hapo nakaanga kidogo, gramu 150 hivi, mara mbili au tatu kwa moto tofauti, daftari likiwa kando. Andika joto la kuanzia, dakika rangi ilipogeuka njano, dakika ya mpasuko wa kwanza (punje zinapoanza kupasuka kwa mlio), dakika uliyotoa, uzito kabla na baada. Mpasuko wa kwanza kwa kawaida huja kati ya digrii 196 na 205, lakini kipimajoto cha mashine ndogo husoma kulingana na mahali kilipochomekwa, kwa hiyo amini zaidi pua na masikio. Harufu huanza kama nyasi mbichi, inageuka mkate, kisha karanga zilizokaangwa, ndipo zinaanza kupasuka.

Namna kahawa ilivyokaushwa inabadilisha moto kuliko hata aina ya mti. Arabika ya juu mlimani hukomaa taratibu kwenye baridi, punje yake ni ngumu, na ikiwa imeoshwa inavumilia moto mkali mwanzoni. Ile iliyokaushwa ndani ya ganda lake, kama Drugar ya upande wa Kasese, ukiipa moto uleule inaungua ncha kabla ya tumbo kuiva. Hiyo naiingiza ngoma ya mashine ikiwa imepoa digrii 10 hadi 15 zaidi. Tena inatoa makapi mengi. Yasafishe kila mara, maana makapi makavu hushika moto haraka na wengi wetu tunakaangia karibu na nyumba wanamolala watoto.

Macho nayo yanadanganya. Kahawa ya ganda huonekana nyeusi mapema na yenye mabaka, ukadhani imeiva. Tazama mstari wa katikati ya punje. Kwa iliyooshwa, mstari unabaki mweupe hata punje ikiwa na rangi ya kahawia ya kati. Kwa iliyokaushwa na ganda, mstari wenyewe ni wa kahawia. Nikiuziwa gunia linaloitwa "iliyooshwa" na baada ya kukaanga nikaona mistari ya aina zote mbili, najua limechanganywa, na bei tunazungumza upya.

Robusta haitaki pupa. Ina sukari kidogo kuliko arabika, na kafeini yake ni karibu maradufu. Ukiikimbiza inatoa ladha ya mpira ulioungua, na hiyo ndiyo sababu watu wengi wanaidharau. Ipe muda kati ya njano na mpasuko, na usiipeleke hadi mafuta yatokeze nje. Robusta ya Uganda iliyochumwa nyekundu na kukaangwa kwa subira ina utamu wa kakao, na inaniuma kuona tunaisafirisha karibu yote huku tukinywa ya unga kutoka kopo.

Kuonja: subiri hadi kesho yake. Gramu 11 zilizosagwa kwa mililita 200 za maji yaliyotoka kuchemka, dakika 4, vunja ukoko wa juu kwa kijiko, nusa, ngoja ipoe kidogo, kisha fyonza. Kando yake weka kikombe cha gunia linaloisha. Hili la kikombe cha pili watu hulisahau, na bila hilo unajidanganya, kwa sababu ulimi hausahihishi kumbukumbu. Usionje peke yako. Mimi humwita mama jirani anayeuza kahawa ya tangawizi karibu na stendi. Hajui lolote kuhusu SL28, lakini anajua wateja wake watarudisha kikombe au hawatarudisha.

Akisema imebadilika, nina njia mbili. Ya kwanza ni kusogeza ukaangaji: sekunde thelathini zaidi baada ya mpasuko hupunguza uchachu, na kutoa mapema huurudisha. Ya pili ni kuchanganya. Kahawa yangu inayouzika zaidi ni mseto wa robusta na arabika, kila moja ikikaangwa peke yake, kisha zinachanganywa zikiwa zimepoa. Msimu ukibadilisha arabika, naongeza au napunguza sehemu moja kwa kumi, naonja tena. Kwenye mseto mteja haoni mshtuko. Kahawa ya shamba moja nayo naiuza, lakini kama mgeni anayepita: ikiisha imeisha, na mnunuzi anajua tangu mwanzo.

Ndiyo maana nakusihi, usichapishe mifuko elfu moja iliyoandikwa aina ya mti. Nunua mifuko isiyo na maandishi, yenye kile kitundu cha kutoa hewa, kwani kahawa iliyokaangwa hutoa gesi kwa siku kadhaa na mfuko uliozibwa kabisa hufura. Bandika lebo yenye jina linaloeleza ladha au matumizi, na chini yake kilebo kidogo cha kubadilisha: wilaya, mwezi wa mavuno, namna ilivyokaushwa, tarehe ya kukaangwa. Wateja wanapenda kuambiwa. Wakijua kuwa hii ya sasa ni ya Kapchorwa na iliyopita ilikuwa ya Bududa, wanaanza kuulizia wenyewe inayofuata.

Bei nayo hubadilika na gunia. Kahawa hupoteza uzito ikikaangwa, kwa kawaida asilimia 13 hadi 18, na nyeusi zaidi hupoteza zaidi. Tuseme umenunua kahawa mbichi shilingi 15,000 kwa kilo. Ikipungua asilimia 15, kilo iliyokaangwa imeshakugharimu zaidi ya 17,600 kabla ya mkaa au gesi, mfuko, boda na jasho lako. Ikipungua 18, ni karibu 18,300. Kilo 5 mbichi zinakupa pakiti 17 za robo kilo katika hali ya kwanza, 16 katika ya pili. Na ukinunua robusta ikiwa kiboko, yaani bado na ganda kavu, hesabu kupata takriban nusu ya uzito baada ya kukoboa.

Kuhusu mashine sina mengi. Ngoma ya kuzungusha juu ya sigiri inatosha kuanzia. Ya gesi ni rahisi kurudia moto uleule. Ya umeme iwe na mkono wa kuzungushia, kwa sababu umeme ukikatika ngoma ikiwa imejaa, ndani ya dakika mbili umepoteza kila kitu. Kupoza ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani: dakika nne, si zaidi, kwenye ungo na feni.

Karatasi: jina la biashara linasajiliwa URSB, na maduka makubwa yatakuuliza alama ya ubora ya UNBS. Kazi za UCDA, iliyokuwa mamlaka ya kahawa, zilihamishiwa Wizara ya Kilimo mwishoni mwa 2024, kwa hiyo masuala ya leseni ya kahawa uliza wizarani.

Lakini karatasi na mashine havitakusaidia kama humjui anayelima. Nenda mwenyewe wakati wa mavuno, na uulize kwa heshima. Mzee mmoja wa juu ya Budadiri nilimuuliza kama kahawa ni ileile ya mwaka jana. Akasema, "Ileile, mwanangu, ila kule bondeni tumeng'oa, tumepanda mipya, nayo imeanza kuzaa." Maneno hayo yaliniandaa kuliko kipimo chochote. Niliomba ya bondeni aiweke kwenye gunia la peke yake, nikamlipa ziada kwa kila kilo, na sasa hutenganisha bila kuombwa. Nikishuka huwa nimemwachia pakiti ya kahawa yake iliyokaangwa. Wakulima wetu wengi hawajawahi kunywa wanachokilima, na akishaonja tofauti ya iliyochumwa nyekundu na iliyochumwa ikiwa bado kijani, mazungumzo yenu yanakuwa mengine kabisa.

Kama unaanza sasa, usianze na gunia la kilo 60. Chukua kilo 5 za robusta ya Busoga na kilo 5 za arabika ya Elgon, kaanga kidogokidogo mpaka upate ladha moja ambayo watu wanairudia. Kisha nunua kilo nyingine 5 kutoka kwa mkulima tofauti kabisa, ujaribu kuifikia ladha ileile kwa daftari lako. Hapo utajua kama uko tayari kuchukua gunia zima.