Ukiandaa maonyesho ya magari Dar, usiyatenge ya zamani

Waandaaji wengi wakishapata uwanja hukimbilia kuugawa: magari ya zamani upande huu, ya kisasa upande ule, katikati mama lishe na spika. Matokeo yake huwa yale yale. Kule kwa zamani wazee wanabaki kusalimiana wenyewe kwa wenyewe, huku vijana wamejazana kwenye Subaru na Crown, simu juu. Nimesaidia kupanga magari kwenye mikusanyiko ya hapa mjini, na ushauri wangu ni huu: changanya, ila changanya kwa ukoo, yaani weka pamoja yale yenye kitu kinachoyaunganisha.

Peugeot 404, kwa mfano, iegeshe ubavuni mwa Subaru Impreza. Kwa sura hazihusiani kabisa, lakini zote zimewahi kubeba ubingwa wa mbio za magari za Safari Rally. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, alishinda mfululizo kwa 404. Mwaka 1997 Colin McRae akashinda kwa Impreza. Yaandike hayo kwenye kadi, yabandike kwenye vioo vya mbele, kisha mwangalie mwenye Impreza anavyoanza kuizunguka 404. Corolla KE70 nayo ikae na Altezza, maana zote zinasukumwa na tairi za nyuma. Land Rover ya kale na Defender mpya hazihitaji hata kadi.

Halafu waombe wenye magari wafungue boneti. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanzia. Kijana mmoja wa Altezza alimwendea mzee mwenye Peugeot 504.

"Shikamoo mzee. Sensa ya hewa ya hii iko wapi?"

"Marahaba. Hii hapa," mzee akagusa pua yake.

Akamweleza kwamba hii haina sensa; kabureta ndiyo inayochanganya hewa na petroli, na petroli ikizidi, unaisikia kwa harufu. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, akafungua kifuniko cha chujio la hewa, akasukuma mkono wa kabureta kwa kidole, petroli ikaruka kama uzi kwenye koo la kabureta. Kijana akaomba ajaribu mwenyewe. Akarudia, akarudia, hadi mzee akamwambia basi, utanimalizia mafuta.

Sasa suala la joto, na hili msilichukulie kimzaha. Kwenye magari mengi ya zamani feni huzungushwa na mkanda wa injini. Gari likikwama kwenye foleni ya Mwenge, injini inazunguka polepole, feni nayo polepole, na maji yanachemka. Kwa hiyo wazee waambieni wafike asubuhi na mapema, barabara zikiwa bado nyeupe. Wapeni kivuli, na vipande vya maboksi vya kutandika chini, kwa sababu oili itadondoka tu. Mkifanyia ufukweni, picha zitapendeza, lakini upepo wa chumvi ni adui wa bodi za chuma cha zamani. Yapangeni upande wa mbali na bahari, na wenyewe wakirudi nyumbani wayaoshe kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi, hasa chini.

Kupiga injini resi katikati ya safu marufuku. Mwenye ekzosi ya kulipuka atafutiwe kona yake na muda wake. Mzee hajaleta gari lake aje kuzibwa masikio.

Kwenye zawadi, msiyapime yote kwa karatasi moja. Aliyehangaika kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani kutafuta taa halisi za 504 na aliyeagiza bodikiti, vipande vya kubadilisha sura ya gari, kwa simu wote wametoa jasho na pesa, lakini ukiwashindanisha unawagombanisha. Wekeni zawadi ya gari lililobaki na uasili wake, na nyingine ya lililobadilishwa kwa ustadi. Mimi huongeza ya tatu, ya aliyeeleza watu vizuri.

Na zitoeni mapema. Taa za magari mengi ya zamani ni hafifu, wenyewe hawapendi giza, na hawatasubiri foleni ya getini injini ikichemka. Ratiba ikisema zawadi ni saa kumi na mbili jioni, mtawapigia makofi watu ambao wameshafika nyumbani.