Kabla ya kununua mfumo, omba kuona daftari la kwenye droo

Nilipokabidhiwa kazi ya kuitoa kampuni kwenye makaratasi na kuiingiza kwenye mfumo, nilianzia pale wengi wanapoanzia: programu. Nilihudhuria maonyesho ya wauzaji sita, na kila mmoja alikuwa na grafu zinazopanda tu. Tukanunua moja, tukafunga kompyuta stoo, watu wakafundishwa siku mbili. Miezi minne baadaye mfumo ulionyesha tuna bolti za M10 maboksi 40. Mtu wa mauzo akamwahidi mteja maboksi 30. Kwenye rafu yalikuwapo 15 tu ya kuuza.

Nilishuka stoo nikiwa na sura ya polisi, maana nilishaamua moyoni kwamba ni wizi. Mtunza stoo, mzee aliyeanza kazi ile nikiwa bado mwanafunzi, alivuta droo akatoa daftari la kaunta lililobanduka jalada. Mle ndani, kwa mwandiko mdogo uliopangika, aliandika kwamba maboksi 25 yametengwa kwa mteja fulani, atayafuata mwisho wa mwezi. Akaniambia, "Kijana wangu, mfumo wenu unajua kuingia na kutoka. Kutenga haujui."

Nilikaa na lile daftari mchana kutwa. Lilijaa mambo ambayo hatukuyasikia hata mara moja tulipokuwa tukikusanya mahitaji ya mfumo: msambazaji yupi huleta pungufu na lazima mzigo wake uhesabiwe dereva akiwapo, bidhaa ipi hupokelewa kwa kilo lakini huuzwa kwa idadi, mteja yupi hutaka ankara mbili kwa sababu ofisi zake hazisikilizani. Wala hakuna aliyekuwa ametuficha. Tuliwauliza mameneja, nao wakatusimulia kazi ilivyoandikwa kwenye mwongozo.

Kwa hiyo kabla hujamwita muuzaji yeyote, kaa wiki mbili na wanaoishika kazi yenyewe. Usiwaulize "huwa mnafanyaje", kwa kuwa swali hilo watu hulijibu kama mtihani. Chukua oda moja, ifuate tangu simu inapopokelewa mpaka pesa inapoingia, na kila inaposimama ujue inamsubiri nani. Daftari la droo, karatasi iliyobandikwa pembeni mwa skrini, kundi la WhatsApp la madereva: huko ndiko biashara inakoendeshwa, na mfumo usiokujua huko utadanganya kila siku kwa herufi nzuri.

Mwanahistoria wa uchumi Paul David aliwahi kueleza jambo linalonikumbusha makosa yetu. Viwanda vya Marekani vilipoanza kutumia umeme, vingi viling'oa injini ya mvuke vikaweka mota kubwa palepale, huku mihimili na mikanda ileile ikiendelea kuzungusha mashine zote. Faida kubwa ilikuja kuonekana miaka ya 1920, kila mashine ilipopewa mota yake na jengo likapangwa upya. Sisi nasi tulikuwa tumechukua fomu ya karatasi tukaichora kwenye skrini, na sahihi zake tatu. Nilipouliza sahihi ya pili ni ya nini, sikupata hata mtu mmoja anayekumbuka. Tukaifuta. Mpaka leo hakuna aliyeiulizia.

Kuhusu data, jiandae kuchoka. Bolti ileile ilikuwa imeandikwa "bolti 10", "bolti M10", "BOLT-10", "bolti kumi" na, sijui kwa nini, "nati kubwa". Kusafisha orodha nzima kulichukua wiki saba, na kazi hii haina pongezi. Usimtupie kijana wa mafunzo kwa vitendo eti kwa sababu ni mwepesi wa kompyuta. Anayeijua bidhaa kwa kuishika ndiye anayejua kwamba majina matano ni kitu kimoja.

Na faili likihamishwa, hesabu mistari linapotoka na linapofika. Oktoba 2020 ilibainika kwamba huko Uingereza visa 15,841 vya korona vilikosekana kwenye takwimu za kila siku, kwa sababu data ilipitishwa kwenye mafaili ya Excel ya mtindo wa zamani, ambayo hayavuki mistari 65,536. Mistari ya ziada iliachwa nje kimyakimya. Kuhesabu mistari ni kazi ya dakika moja.

Kosa letu la mwisho lilikuwa upole. Tuliruhusu karatasi na mfumo viende pamoja "mpaka watu wazoee". Hawakuzoea. Waliandika kwenye karatasi siku nzima, jioni wakanakili kwenye kompyuta wakiwa hoi, na mfumo ukawa unaonyesha jana. Tuliachana na hali hiyo kwa kuhamisha kitengo kimoja kwa wakati. Tulikuwa tunafunga Ijumaa jioni, tunahesabu mali Jumamosi, Jumatatu karatasi haipokelewi tena. Stoo ilikuwa ya kwanza, na yule mzee ndiye aliyewafundisha waliofuata, kwa masharti yake: mfumo uongezwe sehemu ya "imetengwa". Mkandarasi wa mfumo alisema haiwezekani, kisha akatuma ankara ya kazi ya siku tatu.

Hapo ndipo nilipojifunza kusoma mkataba upya. Tulipobadilisha mfumo wa mishahara baadaye, sikusaini mpaka nipewe faili la majaribio la data yetu yote, kama vile tunaondoka kwao kesho. Lilikuja na tarehe zimegeuzwa, mwezi umekaa mahali pa siku, na kwa waliozaliwa baada ya tarehe 12 sehemu ya tarehe iko wazi. Walirekebisha kwa siku mbili, kwa gharama yao, kwa kuwa pesa ilikuwa bado mfukoni mwetu.