Pedali inazama: kabla hujanunua pedi kali

Ndugu, unasema baada ya mizunguko minne kwenye uwanja wa mbio za magari pedali ya breki inazama karibu na sakafu, na sasa unataka pedi za breki zilizo kali kuliko zote. Ngoja kwanza. Pedi zikizidiwa na joto, pedali hubaki ngumu ila gari halisimami. Ikilegea kama sponji, mara nyingi ni mafuta ya breki yamechemka. Mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 4 yanatakiwa yahimili angalau nyuzi 230 za Selsiasi bila kuchemka. Yakishanyonya unyevu, kiwango hicho hushuka hadi 155. Kagua kama kuna panapovuja, badilisha mafuta, toa upepo kwenye mabomba ya breki, ndipo tuzungumze pedi.

Kwa kuwa gari hilohilo unaendea kazini, chukua pedi za kati, si za mashindano matupu. Za mashindano zikiwa baridi hazishiki vizuri, hupiga kelele na kula diski. (Niliwahi kuzifunga, asubuhi ya kwanza kwenye taa nyekundu nilitokwa jasho.) Pedi mpya zizoeshe: punguza mwendo kwa nguvu mara kadhaa bila kusimama kabisa, kisha endesha taratibu zipoe. Na ukitoka uwanjani breki zikiwa za moto, usivute hendibreki.