Mkutano wa kwanza wa kuacha pombe: fika mapema, usikimbilie kutoka

Anayehudhuria kikundi cha kuacha pombe mara moja na asirudi tena, mara nyingi aliingia mkutano ukiwa umeanza, akakaa karibu na mlango, na walipomaliza akatoka bila kusalimiana na mtu. Amesikiliza mpaka mwisho lakini hana jina wala namba ya simu ya yeyote. Hamu ya pombe ikimpanda siku mbili baadaye, hana wa kumpigia. Kwa hiyo panga kufika dakika 15 kabla na kubaki dakika 15 baada ya mkutano. Kufahamiana na watu hutokea hapo.

Kabla ya hayo, usalama. Kama unakunywa kila siku, hasa kama mikono hutetemeka asubuhi mpaka uzimue, usiache ghafla ukiwa peke yako. Arosto ya pombe, yaani mateso ya mwili unapokosa pombe uliyoizoea, inaweza kuua. Kutetemeka, jasho, kichefuchefu na moyo kwenda mbio huanza saa chache baada ya glasi ya mwisho. Degedege linaweza kutokea ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuchanganyikiwa au kuona vitu visivyokuwapo huja zaidi kati ya siku ya pili na ya nne. Muone daktari kwanza, umtajie kiasi halisi unachokunywa, bila kukipunguza kwa aibu. Mikutano unaweza kuhudhuria huku ukiendelea na matibabu.

Kundi linalojulikana zaidi ni AA (Alcoholics Anonymous), lililoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935. Ratiba ya mikutano iko kwenye tovuti yake, na sehemu nyingi kuna namba ya simu inayopokelewa na mwanachama. Linafuata hatua 12 za kuachana na pombe, na hatua hizo zinamtaja Mungu “kama tulivyomwelewa”. Hapo wengi hukwama. Wengine hubaki na kuyaelewa maneno hayo kwa namna yao. Wengine hufaa zaidi SMART Recovery, iliyoanza mwaka 1994, isiyotumia hatua 12 bali mazoezi ya kubadili fikra na tabia. Mke, mume au mzazi wa mnywaji ana kikundi chake, Al-Anon, tangu mwaka 1951.

Ukisoma ratiba, angalia kama mkutano ni wa wazi au wa faragha. Wa wazi huingia yeyote, hata ndugu anayekusindikiza. Wa faragha ni wa wanaotaka kuacha pombe, na katika AA nia hiyo ndiyo sharti pekee la uanachama. Vikundi huendeshwa na watu wanaojitolea, kwa hiyo chumba au saa hubadilika na tangazo likabaki la zamani. Piga simu uhakikishe. Mtu aliyejikaza wiki nzima ili aende, akakuta mlango umefungwa, huenda asijaribu tena. Kwa mkutano wa mtandaoni, hakikisha saa iliyoandikwa ni ya ukanda gani, kisha badilisha jina linaloonekana kwenye skrini libaki la kwanza tu.

Ndani, mkutano huchukua dakika 60 hadi 90. Hakuna fomu ya kujaza. Wageni wakiulizwa, kutaja jina la kwanza kunatosha. Zamu ya kuzungumza ikikufikia, sema, “Leo nasikiliza tu,” nao watapita kwa anayefuata. Ukiamua kuzungumza, dakika tatu zinatosha. Jiandae kwa jambo moja linalowaumiza wageni: unaweza kueleza mazito, kisha mwenzako akaanza habari zake bila kukujibu. Hujapuuzwa. Katika vikundi vingi ni mwiko kumjibu au kumshauri mtu katikati ya mkutano, ili kila mmoja aseme bila kuhukumiwa. Wanaotaka kukujibu hukufuata baadaye. Kikapu cha michango kikipita, mgeni halazimiki kutoa kitu.

Usiri ni ahadi ya wanakikundi, na ahadi hiyo si sheria ya nchi. Zungumzia pombe na hali yako. Mambo yanayoweza kukufikisha mahakamani mpelekee wakili.

Mdhamini, yaani mwanachama wa kukuongoza katika hatua 12, usimchague siku ya kwanza. Sikiliza kwanza nani anaishi anayoyasema. Desturi ni awe wa jinsia yako, ingawa hilo haliwafai wote, na awe ameacha pombe walau mwaka mmoja. Akikuambia uache dawa ulizoandikiwa na daktari, usimfuate. Hana mamlaka hayo. Akianza kukutongoza ungali mgeni, hama kikundi bila kuona haya.

Kikundi kimoja kisipokufaa, hujapima vyote. Vinatofautiana sana kwa umri, lugha na ukali. Jaribu mikutano kama sita ya vikundi mbalimbali kabla ya kuamua. Na ukipewa namba ya simu, mpigie mwenyewe kesho yake, hata kama huna shida, umsalimie tu. Kumpigia mtu usiyemzoea mara ya kwanza huku hamu imekubana ni kazi ngumu mno, na wengi hushindwa.

Ukianguka ukanywa, nenda mkutanoni vilevile. Usiendeshe gari, omba mtu akupeleke. Ukiwa bado umelewa, kaa kimya siku hiyo usikilize, kisha baada ya mkutano mwambie mtu mmoja kilichotokea.