Kabla hujalipa ada, muulize mwalimu kuhusu kengele

Juzi usiku saa tano nimepata meseji Whatsapp kutoka kwa mama mmoja wa Mbagala, simjui, namba yangu kapewa na mzazi mwenzetu wa kliniki. Ana mtoto wa kiume wa miaka sita mwenye usonji (autism, yani ubongo unaokua tofauti), na siku hiyo mwalimu mkuu alimuita ofisini akamwambia "mama, huyu hatumuwezi, mtafutie shule ya wenzake." Hiyo "wenzake" ndio ilinitoa kitandani. Nikawasha taa, mume wangu akaniuliza kuna msiba? Nikamwambia hapana, lala. Nikakaa sebuleni nikaanza kumjibu, nikaona haitoshi, na kwa kuwa meseji za hivi napata kila mara shule zikikaribia kufunguliwa, nikasema bora niandike mara moja wote msome.

Mwanangu naye ana usonji, sasa ana miaka 11, yuko darasa la tatu. Najua wenzake wako la tano, usinikumbushe, nimeshahesabu mwenyewe vya kutosha. Ila wiki iliyopita karudi na ripoti, hesabu kapata 46 kwa 50, kampita hata binti wa jirani yangu anayesoma tuisheni kila jioni na ambaye mama yake aliwahi kuniambia nisipoteze hela. Leo siwezi kuwa mnyenyekevu mnisamehe.

Turudi nyuma. Alipokuwa na miaka mitatu ukimuita jina hageuki, tukadhani masikio, tukapima, masikio mazima kabisa. Kuongea alikuwa haongei, ila akipita konda wa daladala anaweza kukurudishia vituo vyote mpaka Segerea bila kukosea hata kimoja, na ukimuuliza "unataka maji?" anakujibu "unataka maji". Mambo ya waganga na mafuta ya upako nayaruka, tulienda kote, hela zikaisha. Siku daktari anasema usonji ndio nalisikia hilo neno kwa mara ya kwanza. Akanieleza kwamba ni ubongo unavyokua tofauti tangu mwanzo, sio uchawi, na sio kwamba mimi mama sikumpenda vya kutosha. Baadaye nikaja kusoma kwamba hata huko Ulaya na Marekani kuna miaka madaktari walikuwa wanawalaumu akina mama eti ni wa baridi kwa watoto wao, yani hata wazungu nao walishapitia lawama kama za mama mkwe wangu.

Sasa shule. Ya kwanza ilikuwa ya binafsi, ukuta umechorwa katuni, basi la njano. Wakanipa fomu, kuna sehemu imeandikwa "je, mtoto ana tatizo lolote la kiafya au ulemavu?" Nikaandika HANA. Kwa mkono wangu, herufi kubwa. Nilijua nikisema ukweli watamkataa, nikajipa moyo kwamba akizoea hakuna atakayejua.

Wiki tatu. Siku moja namuogesha naona mistari miwili kwenye mapaja. Kesho yake nikafunga cherehani (mi fundi nguo), nikaenda. Mwalimu wa darasa binti mdogo tu, hata hakuogopa, akaniambia kengele ikilia huyu mtoto anaingia chini ya dawati anaziba masikio anapiga kelele, wenzake wanacheka, darasa linavurugika, nimemchapa kidogo maana ni mtukutu na mama unamdekeza. Nikafungua mdomo kumjibu nikakosa cha kusema. Fomu yangu iko kwenye faili lao, imeandikwa HANA. Ningemwambiaje kwamba anachapa mtoto ambaye sauti ya kengele kwake ni kama mtu amekupigia honi ya lori sikioni, wakati mimi mwenyewe nilimficha hilo?

Lakini hata hivyo hakuwa na haki ya kumchapa, nilikuja kujua baadaye. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, visizidi vinne, na inaandikwa kwenye kitabu. Sio kila mwenye fimbo mkononi. Na mimi binafsi nasema hata hivyo vinne kwa mtoto mwenye usonji ni sifuri, kwa sababu haunganishi fimbo na kosa, anachojifunza ni kwamba shule inauma. Najua kwa sababu na mimi nilishamchapa. Nilimchapa sokoni Tabata, watu wanatazama, kwa sababu alijitupa chini, na nilipomaliza akaanza kujipiga mwenyewe palepale nilipompiga. Tuliache hilo.

Nikamtoa. Shule ya pili nikasema sirudii kosa, nasema ukweli wote. Hii ilikuwa na bango kubwa barabarani, ELIMU JUMUISHI (yani wenye ulemavu na wasio nao wanasoma pamoja), picha ya mtoto kwenye kiti cha magurudumu anatabasamu. Mkurugenzi kanipokea na soda, kanisikiliza, kasema hapa ndio nyumbani kwake, ila ada itakuwa mara mbili kidogo kwa sababu ya uangalizi maalumu, na ilipwe ya mwaka mzima. Tukauza pikipiki ya mume wangu, tukalipa.

Miezi minne nimetulia kabisa, nalala usingizi. Mpaka Jumamosi moja namwaga maharage kwenye ungo, mtoto akaja akakaa pembeni yangu akaanza kuchambua. Vizuri, kwa mpangilio, mawe huku, yaliyotobolewa huku. Mi sijawahi kumfundisha. Nikajiuliza kajifunza wapi huyu? Halafu nikakumbuka sare zake zinavyonuka moshi kila siku nikifua, nilikuwa nadhani ni moshi wa jalala la jirani na shule.

Jumatatu nikaenda saa nne bila taarifa. Nikamkuta jikoni na mpishi. Darasani hana hata dawati. Alikuwa anashushwa kwenye gari, anapelekwa jikoni, anakaa na yule mama wa watu mpaka saa ya kurudi, na yule mama ndiye alikuwa uangalizi maalumu wangu wa milioni na kitu. Na niseme haki yake, alikuwa anamtunza, hakuwahi kumpiga, alimpa kazi ya kufanya na mtoto alikuwa ametulia. Kwenye ile shule nzima aliyemfundisha mwanangu kitu ni mpishi.

Wakaomba msamaha, wakaahidi dawati, dawati likaja. Na mimi mjinga nikamuacha maana ada ya mwaka ilishaliwa. Ikafika mahafali ya chekechea. Tumechanga, nimelipa hela ya joho, joho limeletwa nyumbani, bluu, ushonaji mbaya kweli kweli, pindo limepigwa gundi. Siku mbili kabla napigiwa simu, "mama, tunaomba siku ya shughuli mtoto abaki tu nyumbani, kutakuwa na muziki mkubwa na mgeni rasmi, tunamuonea huruma yeye mwenyewe." Eti huruma. Cheti chake tukakifuata ofisini wiki iliyofuata, jina limekosewa.

Joho ninalo mpaka leo.

Baada ya hapo alikaa nyumbani karibu mwaka mzima. Wa tatu tulimpata kwa bahati. Nasema wa tatu, sisemi ya tatu, kwa sababu hatukupata shule, tulipata mwalimu. Shule yenyewe ya serikali, darasa lina watoto zaidi ya 90, vyoo tusizungumzie. Nilienda kwa afisa elimu maalumu pale halmashauri (wengi hamjui kama yupo, yupo, nendeni), akanielekeza kwa mwalimu mmoja mtu mzima, anakaribia kustaafu, alisomea elimu maalumu kule chuo cha ualimu Patandi, Arusha. Nimeingia na faili langu la hospitali nimelikumbatia, hakulifungua. Akaniuliza, "Bwana mdogo anapenda nini? Na anaogopa nini?" Nilikaa kwenye kile kiti nikalia mpaka akatoka nje kuniacha.

Nikamwambia anaogopa kengele. Kengele yao ni rimu ya gari imening'inizwa kwenye mwembe, inapigwa na chuma, hata mimi nikiisikia nashtuka. Akasema sawa, tutaanzia hapo. Wiki ya kwanza mtoto alikuwa anakuja saa moja tu kwa siku halafu tunaondoka. Mwalimu akachukua boksi la biskuti akalikata akachora picha kwa kalamu ya wino, mstarini, darasani, uji, kucheza, nyumbani, kila kimoja kikiisha mtoto anakigeuza, ili ajue kinachofuata, maana hawa watoto kisichojulikana ndicho kinachowatesa. Akamkalisha ukutani mbali na mlango. Dakika mbili kabla ya kengele anamgusa dawati, "inakuja", mtoto anaziba masikio, inalia, inaisha, maisha yanaendelea. Kazi ya kiranja wa pembeni ikawa kukumbusha mwalimu akisahau.

Muhula wa pili akampeleka chini ya mwembe akaishike rimu ikiwa kimya. Halafu akampa chuma. Leo hii mpiga kengele wa shule nzima ni mwanangu. Sauti ile ile, ila sasa inatoka mkononi mwake. Na walimu wengine wanalalamika kwa sababu saa 4:20 ni saa 4:20, hata kama mwalimu yuko katikati ya sentensi, hata kama mgeni wa wilayani anaongea, rimu inalia. Waliwahi kumwambia asubiri kidogo akawauliza kidogo ni dakika ngapi.

Sasa nyie mnaoniuliza "nifanyeje", jamani. Kwanza sema ukweli kwenye fomu. Najua inauma, najua watakukataa wengine, wacha wakukatae kwenye geti kuliko kwenye mapaja ya mtoto. Andika karatasi moja tu, sio faili, anapenda nini anaogopa nini akikasirika anatulizwaje, mpe mwalimu mkononi, sio mkurugenzi. Halafu usiangalie bango. Muulize mwalimu kengele ikilia na mtoto akaziba masikio atafanya nini. Akisema "atazoea", beba mkoba wako. Akisema "mi sijawahi kufundisha mtoto wa hivyo, hebu nielekeze", huyo kaa naye, huyo ni dhahabu, hata kama dari linavuja. Na ukishalipa nenda saa ya uji bila taarifa. Nenda tena. Na tena ukweli kwenye fomu, nimeshasema lakini narudia kwa sababu mimi ndio nilikosea hapo.

Na wakikwambia hawamchukui, jua kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto wako haki ya kusoma shule ya kawaida, ya serikali au binafsi. Iseme kwa upole, ila iseme, utaona sauti ya mtu inavyobadilika. Zipo pia shule za serikali zenye vitengo vya usonji, kama Msimbazi Mseto hapa Dar, sio kila mtoto ataanza na darasa la watu 90, wako labda anahitaji kitengo kwanza na sio aibu. Ila iwe kwa sababu kinamfaa, sio kwa sababu wamekuchoka.

Walimu nanyi, nawaheshimu, 90 kwa mwalimu mmoja hata malaika angeshika fimbo. Lakini kila tarehe 2 Aprili, siku ya usonji duniani, mnavaa tisheti za bluu mnapiga picha na hawa watoto mnaposti, tarehe 3 huyo huyo anakalishwa barazani. Boksi la biskuti bei gani? Dakika mbili za kumwambia "inakuja" zinapunguza nini kwenye silabasi? Yule mwalimu wangu hakuwa na kifaa chochote cha maana. Vile vya kuziba masikio wanavyovaa mafundi ujenzi nilikuja kumnunulia mimi mwenyewe Kariakoo, na mtoto alivivaa miezi mitatu akavikataa. Mtoto akirudia unachosema hakukejeli, ndivyo anavyojifunza kuongea. Asipokuangalia machoni hajakudharau, mara nyingi anakusikiliza vizuri zaidi akiwa haangalii. Na tafadhali msiseme "wenzake" mkimaanisha watoto wengine wenye usonji. Wenzake ni wale 90 wanaokimbilia uji akipiga ile rimu.

Nimeandika kwa hasira kidogo mwishoni, nimeona, sifuti.

Mama wa Mbagala, nimekutumia voisi nne, ile ya tatu usiisikilize mbele ya watoto. Jumatano nafunga kazi saa sita mchana, tukutane pale halmashauri kwenu getini, nitakuwa na mkoba wa kitenge. Barua ya daktari njoo na kopi, orijino iache nyumbani, ya kwangu ilipotea shule ya pili na hawakuwahi kuniambia imeenda wapi. Na mtoto njoo naye. Mbebee kitu cha kuchezea maana ile foleni ni ndefu, na kama anaogopa feni niambie mapema tutasubiri nje.